Wahakiki Wasio na Kitabu: Insha za Mashabiki wa Star Trek, 1967–1996

Mwaka 1978 kampuni ya uchapishaji ya Signet ya New York ilitoa kitabu cha jalada jepesi na bei nafuu kiitwacho The Best of Trek. Kilikuwa kitabu cha insha, na wengi wa walioziandika hawakuwa na cheo chochote katika fasihi wala katika televisheni. Walikuwa watazamaji wa tamthilia ya kisayansi ya Star Trek, ambayo wakati huo ilikuwa imetimiza miaka tisa tangu ifutwe. Wahariri wake, Walter Irwin na G.B. Love, walizichagua insha hizo kutoka katika jarida lao wenyewe, Trek, na kitabu kimoja kikafuata kingine mpaka cha 18 kilipotoka mwaka 1996. Ninachotetea hapa ni kwamba vitabu hivyo, pamoja na vijarida vilivyovitangulia tangu 1967, ndivyo vilivyojenga uhakiki wa tamthilia ya televisheni kama kazi moja ndefu inayostahili kusomwa kipindi kwa kipindi, kwa ushahidi na kwa mabishano. Historia za mashabiki zinazoandikwa siku hizi huzitaja insha hizi kwa kupita tu, ilhali hadithi walizotunga mashabiki hao hao zimeandikiwa tafiti nyingi. Mizani hiyo imepinda, na sababu za kupinda kwake zinaweza kuelezwa.

Desturi yenyewe ilitangulia televisheni. Mwaka 1926 Hugo Gernsback alianzisha huko New York jarida la hadithi za kisayansi la Amazing Stories, na katika ukurasa wa barua akachapa majina ya wasomaji pamoja na anwani zao. Wasomaji wakaanza kuandikiana wenyewe kwa wenyewe, na mwaka 1930 klabu moja ya Chicago ikatoa The Comet, kinachohesabiwa kuwa kijarida cha kwanza cha mashabiki wa hadithi za aina hii. Kwa zaidi ya miaka thelathini vijarida hivyo vilishughulika hasa na maandishi. Star Trek ilipoanza kuonyeshwa na NBC tarehe 8 Septemba 1966, mashabiki wakongwe wengi waliitazama kwa mashaka, kwa kuwa televisheni ilionwa kuwa ya watu wasiopenda kusoma. Wanawake wawili, Devra Langsam, aliyekuwa mkutubi, na Sherna Comerford, walivunja mwiko huo Septemba 1967 kwa kutoa Spockanalia, kijarida kizima kuhusu Spock na watu wa sayari yake ya Vulcan. Kilipigwa chapa kwa stensili, namna ile ile iliyochapa mitihani ya shule nyingi za Afrika Mashariki kabla ya fotokopi kuenea.

Ndani ya Spockanalia mlikuwa na mashairi na hadithi, na barua kutoka kwa Leonard Nimoy, mwigizaji wa Spock. Uzito wake, hata hivyo, ulikuwa katika makala. Waandishi walijadili mwili wa Mvulcan, akili yake, ndoa zake na lugha yake, wakichukua sentensi chache zilizotamkwa katika vipindi na kuuliza ni jamii ya namna gani ingezaa watu wa kusema hivyo. Gene Roddenberry, mwanzilishi wa tamthilia, hakulidharau jambo hilo. Mwaka 1968 aliwaandikia wahariri kwamba kijarida chao kilikuwa cha lazima kusomwa na waandishi wapya wa Star Trek. Yaani aliyeitunga dunia ile aliona kwamba watazamaji waliichambua kwa namna ambayo watumishi wake mwenyewe walihitaji kujifunza. Vijarida vingine vilifuata; T-Negative cha Ruth Berman, kilichoanza 1969, kiliendelea kwa takriban miaka kumi, kikichanganya hadithi na uchambuzi.

Kipindi hicho hicho kilikuwa na kampeni ya barua ambayo wengi wanaikumbuka kwa matokeo yake tu. Mwishoni mwa 1967 ilisemekana kwamba NBC ingeifuta tamthilia baada ya msimu wa pili. Bjo Trimble na mumewe John waliwahamasisha mashabiki kote Marekani, na zaidi ya barua laki moja zikamiminika, mpaka tarehe 1 Machi 1968 kituo kikatangaza hewani kwamba tamthilia ingerudi. Kwa hoja yangu, la muhimu zaidi ni maelekezo waliyopewa waandishi: kila mtu aandike barua yake mwenyewe, asinakili ya mwenzake, atumie lugha ya heshima na aeleze kwa nini tamthilia ina thamani. Maelfu ya watu ambao hawakuwahi kuandika hoja yoyote kuhusu televisheni walilazimika kutafuta sababu zao na kuziweka kwenye karatasi. Msimu wa tatu ulipewa saa mbaya, Ijumaa saa nne usiku, na tarehe 3 Juni 1969 kipindi cha 79 na cha mwisho kikaonyeshwa. Lakini mazoezi ya kutetea kazi kwa maandishi yalikwisha kufanyika.

Ugumu wa kazi ya waandishi hao hauonekani upesi kwa mtu aliyezoea kurudisha picha nyuma kwa kugusa kioo. Kinasa video cha nyumbani cha Betamax kilifika katika soko la Marekani mwaka 1975, na VHS mwaka 1977, kwa bei iliyowashinda wengi. Kabla ya hapo kipindi kilionyeshwa kikapita. Aliyetaka kuandika kuhusu maneno ya Nahodha Kirk katika kipindi fulani alikuwa na njia chache. Angeweza kutegemea kumbukumbu, au kuandika harakaharaka huku anatazama. Angeweza kuweka maikrofoni ya kinasa sauti mbele ya spika ya televisheni na kuwaomba wote nyumbani wanyamaze saa nzima. Angeweza kuagiza skripti kwa posta kutoka Lincoln Enterprises, kampuni ya Roddenberry iliyouza vitu kwa mashabiki, au kununua vitabu vya James Blish, aliyeanza mwaka 1967 kuvigeuza vipindi kuwa hadithi fupi. Hakuna njia iliyokuwa salama kabisa. Blish alifanyia kazi skripti za awali, kwa hiyo aliyoyaandika hayakulingana kila mara na yaliyosikika. Vipindi vya marudio, vilivyouzwa kwa vituo vya miji baada ya 1969, vilipunguzwa dakika kadhaa ili kupisha matangazo, na watu wawili wa miji miwili wangeweza kubishana kwa dhati kuhusu kipindi kimoja kumbe kila mmoja ameona sehemu ambayo mwenzake hakuonyeshwa.

Ndiyo sababu mojawapo ya kazi kubwa za mwanzo za mashabiki hawa ilikuwa faharasa. Star Trek Concordance, iliyoandaliwa na Dorothy Jones na Bjo Trimble na kuchapishwa kwa mara ya kwanza na mashabiki wenyewe mwaka 1969, iliorodhesha vipindi, wahusika, sayari, vyombo na vifaa, na kuonyesha kila kimoja kilipotokea. Mwaka 1976 kampuni ya Ballantine iliitoa kwa wasomaji wote. Kazi ya kuandaa orodha kama hiyo ni ya kuchosha, na mara chache humpa mtu sifa, lakini bila ya hiyo insha zingebaki kuwa maoni. Kwa faharasa mkononi, mwandishi aliweza kudai jambo, kutaja kipindi kwa jina lake na kumpa msomaji nafasi ya kumpinga. Wahakiki wa magazeti wa miaka ya 1960 hawakuwa na chombo cha namna hiyo, wala kazi yao haikukihitaji: waliandika kuhusu onyesho la jana ili msomaji aamue kama atatazama la wiki ijayo. Mashabiki wa Star Trek walikuwa wakihakiki kazi iliyokwisha, wakiishika yote kwa pamoja.

Mtu anayeijua historia ya wasomaji wa Kiingereza atasema kwamba hakuna jipya hapa. Padri na mwandishi Ronald Knox aliandika mwaka 1911 makala maarufu akizichunguza hadithi za Sherlock Holmes kama mtu anayechunguza maandiko matakatifu. Mwaka 1934 Christopher Morley alianzisha New York chama cha Baker Street Irregulars, na kuanzia 1946 wapenzi wa Holmes walikuwa na jarida lao, Baker Street Journal. Ni kweli kwamba mashabiki wa Star Trek walirithi mchezo huo: kuichukulia hadithi kana kwamba ni kumbukumbu ya mambo yaliyotokea, kisha kutatua mikanganyiko yake. Lakini tofauti mbili zinaizuia hoja hiyo kufika mbali. Kwanza, Knox alikuwa na vitabu rafuni. Angeweza kufungua ukurasa na kuuonyesha. Wenzetu hawa walilazimika kuijenga matini yenyewe kabla ya kuihakiki. Pili, hadithi za Holmes zilikuwa za mwandishi mmoja, ilhali Star Trek iliandikwa na makumi ya watu, ikaongozwa na wengi na kuhaririwa chini ya shinikizo la bajeti na saa. Kuuliza ni nani anayesema katika kazi ya namna hiyo, na umoja wake unatoka wapi, ni swali ambalo wapenzi wa Holmes hawakulazimika kulijibu.

Jarida la Trek lilizaliwa katikati ya miaka ya 1970, wakati ambapo tamthilia iliyofutwa ilikuwa imepata watazamaji wengi zaidi kuliko ilipokuwa hai. Mkutano mkubwa wa kwanza wa mashabiki, New York, Januari 1972, uliandaliwa kwa matarajio ya watu mia chache. Walifika zaidi ya 3,000. Mwaka 1975 Bantam ilichapisha Star Trek Lives!, kitabu cha Jacqueline Lichtenberg, Sondra Marshak na Joan Winston, kilichotumia majibu ya mashabiki wengi kuchunguza kwa nini tamthilia iliwashika watu hivyo, na kikawafahamisha wasomaji wa kawaida kwamba kuna vijarida. Love, mmoja wa wahariri wa Trek, alikuwa na uzoefu wa aina yake. Aliishi na mtindio wa ubongo, na mwaka 1961, akiwa Miami, alianzisha Rocket's Blast, kijarida cha wapenzi wa vitabu vya katuni kilichokua na kuwa mojawapo ya masoko makubwa ya wakusanyaji wa Marekani kwa njia ya posta. Alijua jinsi ya kuwaunganisha watu walioishi mbalimbali kwa karatasi, bahasha na stempu. Yeye na Irwin walipoleta ujuzi huo katika Star Trek walipata jambo ambalo vijarida vya stensili vya nakala mia chache havikuweza kulipata: msomaji wa mji mdogo aliyeingia duka la dawa kununua gazeti angeweza kukuta uchambuzi wa Spock ukimngoja kwenye rafu ya vitabu.

Ndani ya vitabu vile mlikuwa na mambo ya viwango tofauti, na sitadai kwamba kila insha ni nzuri. Nyingine zinarudia yaliyojulikana, nyingine zinasifu mno. Nguvu yao inaonekana unapozisoma kwa mfululizo, hasa sehemu iliyoitwa Trek Roundtable, ambamo wasomaji walijibu insha zilizotangulia na kujibizana. Mtu anadai kwamba Spock hana hisia. Mwingine anamletea vipindi vinavyoonyesha kwamba anazo na anazibana. Wa tatu anauliza kama kubana hisia ni maadili au ni jeraha. Spock alipokufa katika filamu ya The Wrath of Khan, Juni 1982, mjadala uligeuka kuwa suala la sanaa: je, kifo kile kilistahili kutokana na maisha yaliyoonyeshwa, au kilipachikwa ili kuuza tiketi? Hilo ni swali la mhakiki. Liliulizwa na watu waliojiita mashabiki, na wakajibiwa na watu waliojiita vivyo hivyo.

Pingamizi linalosikika zaidi ni kwamba kazi hii ni ya kitoto: kuziba matundu ya hadithi iliyotengenezwa kwa haraka. Mifano ipo tele. Katika kipindi cha pili cha majaribio, jiwe la kaburi la Kirk linamwandika James R. Kirk, ilhali baadaye anaitwa James T. Kirk. Khan, adui wa Kirk katika filamu ya 1982, anamtambua kwa uso Chekov, afisa wa Kirk, ingawa Chekov hakuwemo katika msimu wa kwanza, Khan alipotokea Februari 1967. Waklingoni, jamii ya maadui katika tamthilia, wana vipaji vya uso laini katika miaka ya 1960. Wale wa filamu ya 1979 wana matuta ya mifupa. Kila mtu mzima anajua majibu ya kweli: jina la nahodha lilikuwa halijatulia, watunzi wa filamu hawakuliona tatizo, na mwaka 1979 kulikuwa na fedha za kutengeneza nyuso. Mashabiki nao walijua. Tangu 1968 walikuwa na kitabu cha Stephen Whitfield, The Making of Star Trek, kilichoeleza kinagaubaga jinsi bajeti na ratiba zilivyoiunda tamthilia. Waliujua uhalisia wa studio na bado wakachagua kuisoma hadithi kwa masharti yake ya ndani. Anayehariri utenzi wa kale hukuta nakala mbili zinazotofautiana katika beti kadhaa. Hata akijua kwamba mnakili mmoja alichoka, bado ana kazi ya kueleza ni usomaji upi unaokubaliana na utenzi mzima. Makala za Trek za kutatua mafumbo zilikuwa zoezi la aina hiyo. Zilimzoeza msomaji kutenganisha ushahidi mzito na mwepesi, kukataa jibu linaloharibu kipindi kingine, na kukiri pale ambapo hakuna jibu.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kwamba shabiki hawezi kuhakiki kwa sababu anapenda. Ushahidi unasema vingine, na wanawake ndio wanaoutoa kwa wingi. Kipindi cha mwisho kabisa cha mwaka 1969, "Turnabout Intruder", kina mwanasayansi mwanamke anayelalamika kwamba ulimwengu wa manahodha haumpokei, na hadithi yenyewe inamwonyesha kuwa mwendawazimu. Tamthilia iliyojinadi kuwa ya usawa iliaga kwa neno hilo. Waliokuwa wamejaza vijarida kwa kazi zao, na walikuwa wanawake kwa sehemu kubwa, hawakulipitisha jambo hilo kimya. Walilirejea tena na tena, wengine wakilitafutia maelezo, wengine wakilihukumu. Vivyo hivyo kipindi cha "A Private Little War", kilichoonyeshwa tarehe 2 Februari 1968 wakati vita vya Vietnam vikipamba moto, kinamfanya Kirk awape silaha watu wa sayari nyingine ili zilingane na za adui zao, huku sheria kuu anayopaswa kuifuata ikikataza kuingilia mambo ya wengine. Swali la lini Kirk alivunja sheria hiyo, na kama alikuwa na haki, halikuwa na mwisho katika maandishi ya mashabiki. Makumbusho ya anga ya Smithsonian huko Washington yaliweka maonyesho yaliyoihusisha Star Trek na misukosuko ya miaka ya 1960 mwaka 1992. Kufikia hapo mjadala ulikuwa na umri wa miaka ishirini na zaidi.

Uhura, afisa wa mawasiliano katika chombo cha Kirk, anatugusa sisi wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja, na habari zake zinaonyesha jinsi kazi ya mashabiki ilivyoziba pengo la kweli. Nichelle Nichols, aliyemwigiza, alisimulia kwamba alikwenda kwenye usaili akiwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, na jina la mhusika likatokana na hapo. Katika kipindi cha kwanza kuonyeshwa, Septemba 1966, kiumbe kilichojigeuza mwanamume kinamsalimu kwa Kiswahili. Katika "The Changeling" ya 1967, kumbukumbu yake inapofutwa na anapofundishwa upya, ni Kiswahili kinachomtoka. Baada ya hapo waandishi wa studio hawakumwongezea mengi. Vipindi vyote 79 havikumpa hata jina la kwanza. Mashabiki walimpa. Jina Penda lilitumika katika hadithi zao. Kisha William Rotsler, mwandishi na mchoraji aliyeshinda Tuzo ya Hugo kama mchoraji shabiki zaidi ya mara moja, alipendekeza Nyota katika kitabu chake cha wasifu wa wahusika cha mwaka 1982. Studio ililitamka jina hilo katika filamu mwaka 2009, miaka 27 baadaye. Waliomwona Uhura kuwa mtu mwenye kwao, mwenye wazazi waliompa jina, walikuwa watazamaji.

Athari za namna hii hazikuishia kwa Uhura. Dorothy Jones aliunda kwa ajili ya Spockanalia ya 1967 istilahi za Kivulcan, mojawapo ikiwa ni ni var, jina la aina ya sanaa inayoweka pande mbili za kitu kimoja mbele ya macho. Katika tamthilia ya Star Trek: Enterprise jina hilo lilipewa chombo cha Wavulcan, na mwaka 2020, katika Star Trek: Discovery, sayari nzima ya Vulcan ilionekana ikiwa imebadilishwa jina na kuitwa Ni'Var. Suala la vipaji vya Waklingoni, ambalo mashabiki walilijadili kwa miongo miwili na nusu, lilipewa vipindi viwili vya Enterprise mwaka 2005. Na katika miaka ya mwisho ya 1980, tamthilia ya Star Trek: The Next Generation ilipofungua mlango kwa skripti za watu wasio na wakala, shabiki aitwaye Ronald D. Moore aliuza yake, iliyoonyeshwa 1989 kwa jina "The Bonding", akaajiriwa, na baadaye akaongoza uundaji upya wa Battlestar Galactica. Tamthilia za leo zinazotarajia mtazamaji akumbuke jambo la msimu wa kwanza afikapo msimu wa tano zinamtarajia mtazamaji wa aina waliyoilea waandishi wa vijarida.

Kwa nini basi historia imezisahau insha? Sehemu ya jibu iko katika sheria ya hakimiliki. Kuandika hadithi mpya ya Kirk na Spock na kuiuza bila kibali cha studio ni kosa. Kuandika uchambuzi wa Kirk na Spock na kuuuza ni haki ya mhakiki yeyote. Kwa hiyo hadithi, isipokuwa chache zilizopewa kibali kama zile za Star Trek: The New Voyages ya 1976, zilibaki katika vijarida vilivyouzwa chini kwa chini, wakati insha ziliingia dukani waziwazi, vitabu 18. Wanazuoni walipofika, walivutwa na kilichofichika. Henry Jenkins, katika Textual Poachers ya mwaka 1992, aliwaeleza mashabiki kama wawindaji haramu katika shamba la studio. Camille Bacon-Smith, katika Enterprising Women ya mwaka huo huo, alichunguza jamii ya wanawake watunzi. Ni vitabu vya maana, na kwa haki Jenkins alitenga nafasi ya mashabiki kama wahakiki. Hata hivyo waliowafuata walishika zaidi picha ya mwindaji, na mwandishi wa insha hakuingia katika picha hiyo: hakuiba chochote. Alikuwa amekaa mahali pa wazi, kwenye kitabu cha dola chache, na hapakuwa na siri ya kufichua.

Yupo atakayesema kwamba uhakiki wa televisheni ulikuwa na baba zake chuoni, akimtaja Horace Newcomb na kitabu chake TV: The Most Popular Art cha 1974. Heshima yake haipingiki. Lakini kitabu hicho kilijadili aina za vipindi, kikipita kutoka tamthilia za polisi hadi za vichekesho. Hakikukaa na kazi moja miaka na miaka, na Spockanalia ilikuwa imekitangulia kwa miaka saba. Wala hoja kwamba Signet ilitafuta faida haipunguzi kitu. Ilitafuta faida, ndiyo, na faida hiyo ndiyo iliyozifanya insha hizo zihifadhike na kusambaa. Karatasi za stensili zimechakaa. Vitabu bado viko mikononi mwa wauza vitabu vya mitumba.

Mkondo wenyewe haukukauka vitabu vya Irwin na Love vilipokoma mwaka 1996, mwaka ule ule Joan Marie Verba alipotoa Boldly Writing, historia ya vijarida vya Star Trek kutoka 1967 hadi 1987. Mwaka 1997 Paul Cornell alikusanya Licence Denied kutoka vijarida vya mashabiki wa tamthilia ya Uingereza ya Doctor Who. Mwaka 2010 Lynne M. Thomas, naye mkutubi, pamoja na Tara O'Shea, walitoa Chicks Dig Time Lords, insha za wanawake kuhusu tamthilia hiyo hiyo, na mwaka uliofuata kitabu hicho kikashinda Tuzo ya Hugo.

Vyuo vikuu vya Iowa na Texas A&M vinatunza maelfu ya vijarida vya mashabiki, na kazi hiyo inastahili shukrani. Maktaba hizo, na yeyote anayefundisha televisheni, zingefanya jambo kubwa zaidi zikiorodhesha insha moja moja kwa mwandishi, kwa kipindi kinachojadiliwa na kwa mada, badala ya kutaja jina la kijarida na tarehe tu. Na mwanafunzi anayetaka kuandika kuhusu Star Trek asianzie mwaka 1992. Aanze na kurasa za Trek Roundtable, asome barua zinavyojibizana, kisha aamue mwenyewe kama waandishi wake walikuwa mashabiki tu.